Tulidhani Ni Kijicho



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tungependa wiki hii kuwaeleza akina mama na jamaa wote wasomao jarida letu jambo lililotupata sisi wenyewe. Tumekaa nalo moyoni kwa muda, tukiona haya kulisema. Tunalisema sasa kwa kuwa haya yetu haimfai mtoto wa mtu yeyote, na kulisema huenda kukamfaa.

Ni desturi yetu, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kusafiri kutoka Mombasa kwenda bara kila inapokaribia Shaaban. Hushukia Bungoma, tukasomesha wiki mbili katika madrasa iliyo nyuma ya msikiti, kisha hupanda matatu tukapitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, tukakaa wiki mbili nyingine. Wenyeji wa huko hutupokea kwa mapenzi makubwa. Hatukumbuki siku tuliyolala njaa, wala siku ambayo chai ilikosa maziwa.

Mwaka juzi, huko Bungoma, tulimkuta mtoto wa miaka sita, mwana wa nyumba iliyotukaribisha, ambaye Mwenyezi Mungu alimjaalia kifua chepesi. Kwa wiki mbili alihifadhi sura kumi, kuanzia An-Nas hadi Al-Fil. Alikuwa akizisoma huku anakimbia, huku anakula, hata huku amening'inia kwenye tawi la mpera. Tulimwambia mama yake: "Mama, huyu mtunze, atakuja kutuswalisha sisi." Mama akacheka, akafunika uso kwa ncha ya mtandio.

Mwaka jana tuliporudi, mtoto yule hakuwa yule. Alikwama katika Al-Kafirun, akirudi nyuma na kuchanganya aya, kisha akilia kwa hasira na kutupa juzuu. Uso umempauka. Tumbo lilimsokota mara kwa mara na choo kilimpata kwa shida. Wenzake wakamwita mvivu. Mwalimu wa madrasa, kijana mwenye nia njema, alikuwa amemchapa mara mbili.

Mama yake alitujia baada ya swala ya Alasiri, akaketi mbali kidogo kama ilivyo adabu. Akasema: "Sheikhe, mtoto wetu amepigwa jicho. Mwaka juzi mlimsifu mbele za watu, na watu si wema."

Tulimsomea mtoto. Tulimsomea siku tatu mfululizo, tukatia maji na mafuta ya zeituni, na dua ni haki wala hatuijutii. Tunachokijuta ni kuwa tulipomaliza tulinyanyuka, tukajiona tumetimiza wajibu, tukafunga mkoba kwenda Kitale. Hatukuuliza anacheza wapi wala anakula nini. Wala hatukutazama ng'ambo ya ua.

Ng'ambo ya ua wa mabati kuukuu, hatua chache tu kutoka madrasani, ilikuwapo karakana ya jirani mmoja. Kazi yake ilikuwa kuvunja betri kuukuu za magari kwa shoka, kumwaga tindikali mtaroni, na kuyayeyusha mabamba ya ndani katika nusu ya pipa kwa moto wa mkaa. Alichokipata ni risasi, yaani ile metali nzito laini yenye rangi ya kijivu, akaiuza kwa wanaotengeneza betri na wanaolehemu. Jioni moshi wake ulivuka ua na kutua juu ya sukuma wiki na kunde zilizopandwa kando ya ukuta. Ulikuwa ukiacha ladha ya utamu utamu mdomoni. Sisi tulikuwa tukikohoa kidogo na kufunga dirisha.

Jirani yule ni mtu mwema. Saruji ya ngazi za msikiti ni yeye aliyeitoa. Na hapa ndipo penye haya yetu. Mwaka ule wa kwanza mvua zilinyesha sana, njia ya kuingilia madrasani ikawa tope tupu. Jirani akatuletea mikokoteni miwili ya mavi ya chuma na majivu mazito ya kijivu kutoka kwenye pipa lake, ili tuiimarishe njia. Tulishika koleo kwa mikono yetu tukayasambaza pamoja na wanafunzi, kisha tukainua mikono tukamwombea dua. Watoto wakapita hapo peku mwaka mzima, na siku za jua waliketi papo hapo wakacheza.

Tukiwa njiani kwenda Kitale, matatu ilipofika Webuye, mzee mmoja alitusimulia jinsi moshi wa kiwanda cha karatasi ulivyokuwa ukiyala mabati ya nyumba zao zamani. Tulimsikiliza kwa huruma. Mabati yakitoboka kila mtu huona na kila mtu husema. Hatukufikiri kuwa tumemwacha nyuma yetu mtoto anayeliwa na moshi mwingine pasipo tundu la kuonekana.

Kule Kitale yuko tabibu mmoja ambaye huhudhuria darsa zetu baada ya Isha. Usiku mmoja, katika mazungumzo juu ya kijicho, tulimtaja mtoto wa Bungoma kama mfano. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mambo matatu: mtoto anacheza wapi, jirani zake wanafanya kazi gani, na kama ana tabia ya kutia vidole na udongo mdomoni. Tulipomjibu, alinyamaza kidogo. Halafu akasema kwa upole: "Sheikhe, huko kwenu Mombasa hamkusikia habari za Owino Uhuru?"

Tulikuwa tumezisikia. Mtaa wa Owino Uhuru uko Mikindani, kando ya njia ile ile tunayopita kila mwaka tukienda bara. Ni kijiji cha watu wapatao elfu tatu, kilichopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007. Mwaka 2009 kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mchanga aliugua bila ya madaktari kujua sababu, hadi alipopimwa damu ikaonekana imejaa risasi. Mtoto yule alikuwa bado ananyonya. Mama akaacha kazi, akaanza kuwauliza jirani zake, akakuta watoto wagonjwa na mimba zilizoharibika. Alikamatwa na kutishwa, lakini hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Wakazi walikwenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo wao usafishwe. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kilipoanza kazi alikuwa na miaka kumi na saba hukumu hiyo ilipotoka.

Haya yote tulikuwa tukiyasoma magazetini. Tulidhani ni habari ya kiwanda kikubwa chenye bomba refu, na wenye mali, na mawakili. Hatukujua kwamba nusu ya pipa na shoka, nyuma ya msikiti, ni kiwanda vilevile.

Tabibu akatueleza inavyofanya kazi, nasi tunaieleza kwenu kama tulivyoifahamu. Risasi huyeyuka kwa moto mdogo, nyuzi 327 tu za selsiasi, ndiyo maana jiko la mkaa na feni huitosha. Ikiyeyuka hutoa moshi na vumbi jembamba linalotua juu ya udongo, mabati, majani ya mboga na nguo zilizoanikwa. Haiozi wala haichakai. Mvua haiimalizi na jua haliiunguzi. Udongo ulioipokea leo utakuwa nayo hata wajukuu watakapochezea hapo. Mboga za majani huibeba katika vumbi lililozigandamia, na mihogo na viazi hubaki na udongo wake kwenye maganda.

Mwilini, risasi hujifananisha na chokaa ijengayo mifupa, na mwili ukadanganyika ukaihifadhi mifupani miaka mingi. Mwanamke akishika mimba au akinyonyesha, mifupa yake hutoa chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi iliyofichama hutoka pamoja nayo. Hivyo mama huweza kumpa mwanawe kile alichokivuta yeye alipokuwa msichana. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Humpunguzia damu, humsokota tumbo, na humharibia ubongo ambao bado unajengwa, akawa mwepesi wa hasira na mzito wa kuhifadhi. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi chochote cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Wala si Mombasa pekee. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya kazi ya betri kuukuu iliyokuwa ikifanywa mtaani, na mama zao walikuwamo miongoni mwa waliochekecha udongo ule kutafuta vipande vya risasi. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa, kwa kuwa mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani yalikuwa na risasi ndani yake. Wengi wao ni watoto wa Waislamu kama sisi, na hatuna shaka kuwa wengi walisomewa kabla ya kupimwa.

Usiku ule ule tulimpigia simu baba wa mtoto. Alikasirika kwanza, akadhani tumemsingizia jirani. Mama ndiye aliyechukua simu akasema: "Sheikhe, tuambieni tumpeleke wapi." Damu ilitolewa ikapelekwa Nairobi. Majibu yalitufikia Mombasa katika siku za mwanzo za Ramadhani: maikrogramu 38 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani huagiza hatua zichukuliwe kuanzia 5.

Daktari alieleza kwamba ziko dawa za kuitoa risasi mwilini, nazo hupewa watoto waliofikia 45 na zaidi. Kwa huyu, dawa ya kwanza ni kumtenga na chanzo. Akampa ya kuongeza damu, akaagiza maziwa, dagaa na mboga zisizotoka kando ya ule ukuta, kwani mtoto aliyeshiba chakula chenye madini ya chuma na chokaa hufyonza risasi kidogo zaidi kuliko mwenye njaa. Mtoto akahamishiwa kwa nyanya yake.

Baada ya Idi tulifunga tena safari kwenda Bungoma, safari hii si kwa kusomesha. Tulimwendea jirani faragha, kwa kuwa kumfedhehesha mtu mbele ya watu hakumtengenezi. Tulimkuta ameketi, mikono inatetemeka kidogo, na tembe za kutuliza maumivu ya tumbo ziko mfukoni mwake. Naye pia alikuwa akiugua asijue. Tulianza kwa kumwambia kuwa njia ya madrasani tuliitia majivu sisi, na kwamba dhambi hiyo hatumtupii yeye peke yake. Akasikiliza, kisha akatuuliza: "Sheikhe, kazi hii ndiyo iliyowasomesha wanangu. Nikiiacha, msikiti utanilisha?"

Lilikuwa swali la haki. Ni rahisi kumwambia mtu kuwa chumo lake linadhuru huku sisi tumeshiba kwake. Wanazuoni wetu wamekubaliana kuwa madhara huondolewa, na kwamba mtu hana haki ya kujinufaisha kwa kumdhuru jirani. Lakini tuliona haitoshi kuisoma kanuni hiyo kisha tukapanda matatu. Tukawakusanya wazee wa kamati ya msikiti, na baada ya vikao vitatu vyenye maneno makali wakakubali kumkopesha bila ya riba kutoka mfuko wa sadaka. Leo anatengeneza baiskeli na taa za jua. Betri kuukuu anazipokea bado, lakini huziuza nzima, bila ya kuzivunja, kwa mnunuzi mwenye kibali. Pipa limetolewa.

Njia ya madrasani tuliikwangua. Tuliinyunyizia maji kwanza ili vumbi lisipae, tukafunga nyuso kwa vitambaa vibichi, na wanafunzi tukawakataza kukaribia. Ofisi ya kaunti ya mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitushauri tusiyamwage mtoni wala shambani mwa mtu, na mahali pale pakafunikwa udongo safi kisha zege juu yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa lenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani. Tumeisomesha hadithi hiyo kwa miaka thelathini, na sisi ndio tuliolimwaga hilo lenye kudhuru kwa koleo.

Hatutaki msomaji adhani kila kitu kimekwisha vyema. Mitaa miwili kutoka hapo kijana mwingine ameanza kuyeyusha betri. Naye mtoto amepimwa tena, kiasi kimeshuka hadi 17. Rangi imemrejea na tumbo limetulia. Amevuka Al-Kafirun. Lakini alichokuwa akikihifadhi kwa siku moja sasa humchukua wiki, na daktari hakutuficha kwamba baadhi ya kilichopotea ubongoni huenda kisirudi. Tulimwomba mwalimu wa madrasa amtake radhi mtoto kwa ile bakora, naye akafanya hivyo, akalia.

Akina mama wa pwani, msiseme hayo ni ya bara. Sisi tulipokuwa wadogo, ami yetu mvuvi aliyeyusha risasi ya chubwi za nyavu jikoni, katika sufuria iliyopikiwa uji asubuhi yake, nasi tukichuchumaa karibu kutazama inavyong'aa. Kazi hiyo ingali inafanywa. Na zile sufuria za kusubu tulizokuwa tukiwaletea zawadi kutoka Kitale, zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu vya kila namna, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya aina hiyo kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo, ukakuta karibu thuluthi moja inaweza kutoa risasi ya kudhuru chakulani. Yetu ya nyumbani sasa inatilia mkaa. Mwenye kuitumia asipikie ukwaju, ndimu wala nyanya ndani yake, kwani ukali huichokonoa risasi. Na wanja wa kumpaka mtoto macho, japo asili yake ni sunna, ujue umetengenezwa kwa nini. Baadhi ya unga uuzwao sokoni ni mawe ya risasi yaliyosagwa.

Tunawaomba mtazame ng'ambo ya ua wenu. Pakiwa na kazi ya betri, kulehemu au kuyeyusha vyuma, watoto wasicheze hapo na mboga zisipandwe hapo. Nyumba ifutwe kwa kitambaa kibichi kuliko kufagiwa kavu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mume au ndugu anayefanya kazi hiyo avue nguo zake na kuoga kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe mbali na za wengine. Mkishuka hospitali, mwambieni daktari kazi inayofanywa jirani, hata asipouliza. Na mkiona kiwanda kinawadhuru, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, imewapa haki ya mazingira safi. Owino Uhuru walianza na mama mmoja.

Na mtoto aliyekuwa mwepesi akawa mzito, aliyekuwa mpole akawa mwenye hasira, msiharakie kumwita mvivu, wala msiishie kwenye kijicho. Msomeeni, na huku mnamsomea mpelekeni akapimwe. Sisi tulifanya la kwanza tukaacha la pili, na mwaka mzima ulipotea.

Shaaban ikifika tutarudi Bungoma inshallah. Mtoto ametuahidi kuwa atakuwa amefika Al-Fil. Tumemwambia asiharakishe, sisi tutangoja.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulilolifanya kwa kutojua, na asituache tukalirudia tukiwa tumekwisha kujua. Amin.

Wabillahi tawfiq.